Binti ana daraja la kwanza la PCB, hataki udaktari, anataka jeni za kinga. Nimruhusu?

Swali limetoka kwa mzazi wa Njombe. Nimelifupisha kidogo:

"Daktari, mimi ni mkulima wa viazi, na sasa nina parachichi kidogo. Binti yangu wa pili amemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), daraja la kwanza. Ukoo mzima unasubiri aende kusomea udaktari. Yeye anasema hataki kutibu, anataka kuwa mtafiti wa jeni za kinga ya mwili. Alinieleza kazi hiyo saa nzima, nikabaki natikisa kichwa. Nijibu kwa Kiswahili cha mzazi. Hiyo ni kazi kweli? Atakula nini? Na atasoma mpaka lini, maana nasikia wengine wanafika miaka thelathini na tano bado wako shule, hata kuolewa hawajaolewa."

Shikamoo, baba.

Umeniita daktari, na karatasi yake ninayo, ila udaktari wangu ni wa vitabu. Majirani zangu hapa Forest, Mbeya, mpaka leo mtoto akishikwa na homa usiku wanagonga kwangu kwanza, nami naishia kuwasha gari kuwapeleka hospitali ya Meta. Binti yako ajiandae na hilo. Atarudi Njombe ataitwa daktari, na mkobani hatakuwa na hata kidonge cha maumivu.

Kazi yenyewe nusu yake unaijua, kwa sababu wewe ni mtu wa viazi. Mwaka ukungu ukiingia shambani, kuna mbegu inaungua siku chache tu, na kuna nyingine, udongo uleule, mvua ileile, inabaki kijani. Mkulima mwenye akili anaiweka ile mbegu pembeni. Mtafiti wa jeni, yaani maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya kila kiumbe, anaongeza swali moja: ndani ya mbegu hii kuna nini ambacho ile haina?

Au chukua ng'ombe. Mtoe mtamba wa kisasa huko kwenye baridi yenu, mshushe bondeni kwenye kupe. Ndigana kali inaweza kummaliza ndani ya wiki chache, wakati ng'ombe wa asili wa kule, waliozaliwa na kupe masikioni, wengi wao wanapona. Kwa nini? Sehemu ya jibu ni kwamba walikutana na ugonjwa wakiwa ndama, miili ikaukariri. Sehemu nyingine ni damu waliyorithi. Kutenganisha sehemu hizo mbili, kipi ni cha kurithi na kipi kimetokana na maisha, ndiyo kazi ambayo binti yako anataka kuifanya kwa binadamu. Akikueleza tena, mwache aanzie kwa ng'ombe, mtaelewana.

Nadhani pale alipokupoteza ni kwenye HLA. Wanafunzi wangu nao hupotea hapohapo. Askari wa kinga wanaozunguka mwilini hawawezi kuona kilichomo ndani ya seli. Kwa hiyo karibu kila seli huvunja protini zilizomo ndani yake kuwa vipande vidogo, ikavitoa nje na kuvishikiza juu kwenye vishikio maalumu, na askari wanapita kukagua kama mgambo anavyopita kwenye meza za soko la Mwanjelwa. Wakikuta kipande cha kirusi, seli hiyo inauawa. Jeni zinazotengeneza vishikio hivyo zinaitwa HLA, ziko kwenye kromosomu ya sita (kromosomu ni nyuzi zinazobeba jeni), na hakuna jeni nyingine mwilini zinazotofautiana kati ya mtu na mtu kama hizo. Aina zake zilizokwisha kuorodheshwa duniani zinazidi 30,000. Wewe una seti moja ya baba yako na moja ya mama yako, na kila mtoto wako umempa moja kati ya hizo mbili. Kishikio kimoja kinashika vizuri kipande fulani cha kirusi, kingine kinakiacha kianguke. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaweza kuingia nyumba moja, ukampitia mmoja juujuu na kumlaza mwingine.

Kwa kuwa unatoka Njombe, sitazunguka. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta watu wazima 12.7 katika kila mia mkoani kwenu wanaishi na VVU, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Hakuna familia ya Nyanda za Juu Kusini isiyojua maana ya tarakimu hizo. Lakini katika watu hao wapo wachache sana, hawafiki mmoja kati ya mia, ambao mwili wenyewe unakibana kirusi miaka na miaka bila dawa. Wengi wa watu wa namna hiyo walipochunguzwa katika nchi mbalimbali walikutwa na aina fulani za HLA, hasa B57. Huo si uchawi wala dua ya mtu. Ni kishikio kinachoshika vipande ambavyo kirusi hakiwezi kuvibadilisha bila kujidhoofisha.

Na hapa Mbeya tumo kwenye hadithi hiyo tangu zamani. Kuanzia mwaka 2000 wanawake wapatao 600 waliokuwa wakihudumu kwenye baa za mkoa huu walikubali kufuatiliwa kwa miaka minne. Kwa damu yao ilijulikana kwamba huku kuna mchanganyiko wa aina kadhaa za VVU, hata ndani ya mtu mmoja, na kwamba waliokuwa na virusi vichache walikuwa na askari wanaolenga sehemu fulani ya kirusi kuliko nyingine. Watu huzungumzia maprofesa. Mimi nikifundisha somo hili huanza na wale wahudumu, kwa sababu bila wao maprofesa wasingekuwa na la kuandika.

Binti yako anaweza kuulizwa na wajomba zake: hayo si Wazungu wameshayamaliza? Hawajayamaliza, na mengine hawawezi kuyamaliza wakiwa kwao. Mwaka 1996 iligunduliwa kasoro ya jeni iitwayo CCR5, ambayo mtu akiirithi kutoka kwa wazazi wote wawili, aina ya VVU iliyozoeleka zaidi inakosa mlango wa kuingilia. Ugunduzi mkubwa, umezaa hata dawa. Lakini kasoro hiyo ni ya watu wenye asili ya Ulaya. Huku kwetu karibu haipo. Sisi tuna milango yetu na makufuli yetu, na Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko bara lolote, ila tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Hilo ni pengo, na pengo kwa kijana mwenye daraja la kwanza ni nafasi.

Sasa nikuoneshe kazi inavyokwenda, nisije nikamuuzia binti yako ndoto. Nobeli ya tiba ya mwaka 2025 walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi. Simulizi ya hao wawili wa kwanza ndiyo kazi yetu hasa. Kulikuwa na panya wa maabara, ukoo uliotokea Marekani miaka ya 1940, ambao madume yake mengine yalizaliwa na ngozi ya magamba, bandama na tezi zimevimba, yakafa baada ya wiki chache. Kinga yao ilikuwa inaishambulia miili yao wenyewe. Kwa kuwa yaliugua madume tu, kosa lilijulikana kuwa liko kwenye kromosomu X. Miaka ya 1990 Brunkow na Ramsdell wakaamua kulitafuta. Kromosomu hiyo ina herufi za vinasaba zipatazo milioni 170. Wakapunguza eneo mpaka herufi kama 500,000, wakabaki na jeni 20. Wakazipima moja moja, panya mzima na panya mgonjwa. Ya kwanza haina kosa. Ya tano haina. Ya kumi na tisa haina. Kosa likakutwa kwenye ya ishirini, ile ya mwisho. Wakaiita FOXP3, na mwaka 2001 wakaonesha kwamba jeni hiyohiyo ikiharibika kwa mtoto wa kiume wa binadamu humletea ugonjwa mbaya wa namna ileile. Kutoka hapo ikaja kueleweka jinsi mwili unavyowafunga breki askari wake.

Muulize binti: ungefika ya ishirini? Usimuulize kwa kumtisha, muulize tu, umwangalie usoni.

Nimemsifu Brunkow, lakini tusisahau kwamba wengi wetu hatukuti kitu hata kwenye ya ishirini. Desemba 2023 jaribio la chanjo za VVU lililohusisha watu wapatao 1,500 wa hapa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka kule Uganda, na Durban, lilisimamisha uchanjaji baada ya wataalamu huru kuona hakuna dalili kwamba chanjo hizo zingezuia maambukizi. Miaka ya kazi ya watu. Asubuhi yake watafiti waliamka wakaanza kuuliza kwa nini, maana damu ya waliojitolea bado ina majibu.

Siku zangu mimi hazifanani na picha za kwenye magazeti, mtu na koti jeupe na darubini. Darubini sijaishika mwaka huu. Robo ya muda ninashika pipeti, kile kifaa cha kupimia matone, nusu niko kwenye kompyuta nikipanga herufi za vinasaba kwa mamilioni, na robo inayobaki ni watu. Hiyo ya watu ndiyo vyuo vinaisahau. Unafika kijiji cha Kyela, unataka damu ya mtoto mzima ili uilinganishe na ya mtoto mgonjwa, na bibi yake amekaa mlangoni anakuangalia. Neno mumiani halitamki, ila liko hewani. Huwezi kumjibu kwa kromosomu. Nilijifunza kwa aibu: mwaka wangu wa kwanza nilieleza dakika arobaini, nikasainiwa fomu zote, nikaondoka nikijisifu. Mhudumu wa afya wa kijiji akaniambia njiani, "Wamesaini kwa sababu umesafiri mbali, wamekuonea huruma." Tangu siku hiyo nikimaliza kueleza namwomba mzazi anieleze yeye nilichosema. Asipoweza, fomu inarudi mkobani.

Na maafa yapo. Kituo kimoja nilichokuwa nikifanya kazi, sikitaji, umeme ulikatika Ijumaa usiku na jenereta halikuwaka, kwa sababu dizeli ilikuwa imepungua na hakuna aliyeandika. Friza yetu hukaa nyuzi 80 chini ya sifuri. Jumatatu tulikuta maji. Sampuli za miaka miwili, nyingine za watoto ambao hatungeweza kuwapata tena. Nilikaa nje kwenye ngazi nikanywa chai ya mtu mwingine bila kujua. Kwa hiyo binti akija kwangu, somo la kwanza halitakuwa jeni, litakuwa daftari la friza.

Sasa chakula, maana ndicho ulichouliza.

Kazi ipo, baba, lakini nyingi si ya kuajiriwa leo ukastaafu hapohapo. Ni ya miradi. Mfadhili anatoa fedha za miaka mitatu au mitano, mnaajiriwa, mradi ukiisha mkataba unaisha. Wakati wa mradi mshahara huwa mzuri, mara nyingi kuuzidi wa rika lake aliye serikalini. Kati ya mradi na mradi kuna miezi ya kula akiba. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi mingi ya afya Afrika ilitetereka ndani ya muda mfupi tu, na watu wenye digrii za uzamivu wakajikuta nyumbani. Wewe unajua msimu na njaa ya kati ya misimu. Mfundishe kuweka akiba kama mkulima, siyo kama mtumishi.

Nguzo ya kuegemea ni chuo au taasisi ya umma. Mtafiti akishika ajira ya kufundisha chuoni, au ndani ya taasisi kama NIMR, ile ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambayo ina kituo hapa Mbeya, mshahara wa msingi unakuwa wa uhakika na miradi inaongeza. Nje ya mkoa kuna taasisi ya afya ya Ifakara, Muhimbili, taasisi ya utafiti ya KCMC Moshi. Na kuna upande ambao vijana hawauangalii: mifugo. TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo, wako hapo Uyole, na swali la ndigana ni swali la kinga na jeni kama yalivyo ya binadamu, ila ng'ombe hakusumbui kwa maswali.

Upande mwingine unaokua ni upandikizaji. Muhimbili walianza kupandikiza figo mwaka 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, na sasa Dodoma wanapandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofanyika bila mtu wa kulinganisha HLA. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne ya kufanana kabisa. Daktari wa upasuaji anasubiri nje ya mlango wa huyo mpimaji. Wapimaji hao nchini si wengi, na hiyo ni kazi ya hospitali, haisubiri mfadhili wa nje.

Kuhusu njia ya masomo, nitasema ninavyoona mimi, wengine watabisha. Asitafute digrii ya kwanza yenye jina la kinga na jeni, haipo na haihitajiki. Ubobezi huo unakuja kwenye shahada ya pili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina digrii ya baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia, ya miaka mitatu. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wana bayoteknolojia na sayansi ya maabara. Hizo mbili ni barabara fupi. Zipo pia ndefu: udaktari wa binadamu miaka mitano na mwaka wa mazoezi, au udaktari wa mifugo SUA, miaka mitano. Profesa Julie Makani alipita hiyo ndefu: alisomea udaktari Muhimbili, akaenda Oxford, akarudi akajenga utafiti wa selimundu ambao leo unasomwa duniani kote. Mwenye udaktari anakuwa na wagonjwa wake mwenyewe, halazimiki kuomba sampuli kwa mtu. Ni faida kubwa, siifichi.

Lakini usimsukume huko kwa ajili ya ukoo. Nimefundisha waliosukumwa. Wanafika mwaka wa tatu, wodini, wanagundua wanachukia kuamshwa usiku, na mgonjwa anajua. Tena ajira za madaktari nazo siku hizi vijana wanazisubiri foleni. Akisema mwenyewe kwamba atapita udaktari ili afike kwenye jeni, mpe baraka. Akisema hataki, mshike neno lake. Digrii ya kati, ambayo watu huidharau, ni ya sayansi ya maabara za afya: inampa usajili wa kufanya kazi hospitali yoyote mkoani, na mradi ukiisha hashindi nyumbani. Mimi ningekuwa na binti asiye na mtaji wa kusubiri, ningemwelekeza hapo.

Kitu kimoja nakuomba usikipuuze. PCB wanasoma hesabu ile ndogo, BAM, na wengi wanaiona kero ya kupita nayo. Huku kwetu hesabu ndiyo jembe. Takwimu, na kuandika programu za kompyuta kwa lugha za R na Python, ndivyo vinavyomtenga mtafiti na mtu wa kubeba sampuli za wengine. Nimeshuhudia damu ya watu wa hapa ikisafirishwa Ulaya, kwa vibali vyote halali, si kwa sababu hatuna mashine, bali kwa sababu hatukuwa na mtu wa kusoma majibu yake. Makala ikatoka, sisi majina yetu yako katikati ya orodha, pale ambapo macho hayafiki. Viazi vya msimu huu vikiuzwa, badala ya simu kubwa mnunulie kompyuta mpakato, hata iliyotumika. Masomo ya R na Python yako bure mtandaoni, na kabla vyuo havijafunguliwa ana miezi.

Atasoma mpaka lini? Digrii ya kwanza miaka mitatu, kisha nataka afanye kazi maabara mwaka au miwili, apige foleni kama wengine, ajue kama anaipenda. Shahada ya pili miwili, uzamivu mitatu mpaka mitano. Ukijumlisha, ndiyo, atakaribia thelathini au kuipita kidogo. Lakini haitakuwa shule ile ya kulipiwa ada na baba. Digrii ya kwanza kuna mkopo wa Bodi. Shahada ya pili na uzamivu katika sayansi hii watu wengi hulipiwa, na hupewa fedha ya kujikimu: kuna DAAD ya Wajerumani, kuna ya Jumuiya ya Madola, na miradi yenyewe husomesha watu wake. Mtu akikuambia uuze shamba ili binti asome uzamivu wa jeni, mkatalie, huyo kuna mahali amekosea.

La kuolewa sikutaka kuligusa, ila umeuliza. Mimi niliolewa nikiwa katikati ya uzamivu, mtoto wa kwanza alizaliwa kati ya sura ya pili na ya tatu, na mama mkwe wangu wa Tukuyu ndiye aliyembeba mgongoni nikiwa maabara. Sura ya tatu ina makosa mengi kuliko zote. Hakuna mtahini aliyeuliza kwa nini.

Fungueni pamoja kitabu cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha mwaka huu, muangalie sifa za kila digrii niliyoitaja kabla dirisha la maombi halijafungwa, na ajaze zaidi ya moja. Ukishusha viazi Mwanjelwa, njoo naye siku yoyote kati ya Jumanne na Alhamisi. Nitamkalisha siku nzima: asubuhi ataandika daftari la friza, mchana nitampa faili la herufi alisome mpaka achoke. Wewe utakunywa chai na fundi wetu wa mitambo, naye ni mtu wa Makambako, mtapata la kuongea. Aje na sweta, chumba cha mashine kina baridi kuliko Njombe.